Chuma Kilichokwisha Wekundu

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Kibimba. Mnyauko umemaliza migomba, na bibi yako bado anakohoa.

Umeuliza mwanga wa infraredi unatambulikaje ilhali hauonekani. Ujanani nilikuwa nafua majembe, baba yangu kipofu akivuta mvukuto. Siku moja chuma chekundu kilififia mpaka kikawa cheusi. Nikamwambia dada yangu Generoza akiokote.

“Usiguse!” baba alisema. “Bado nakisikia usoni.”

Nikacheka. “Baba, kimeshazima.”

Generoza akakishika. Vidole vyake havikunyooka tena.

Chuma kile kilikuwa bado kinatoa mwanga huo unaouliza. Ngozi huupokea kama joto, na shavu la baba liliupokea. Mimi niliamini macho yangu. Generoza hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Babu yako,
Anselmi