Majina ya Waliohudhuria

Msambweni, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimepoa na dada Wayua hajambo. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Barua hii nampa Baya wa bodaboda. Nikiongea kwa simu hapa ofisini, nasikika hadi chumba cha pili.

Mwezi uliopita sisi wa kampuni tulifanya baraza na wanakijiji kuhusu machimbo ya mchanga, nikazungusha karatasi ya mahudhurio. Bi Twaiba, asiyejua kusoma, aliniuliza, "Mjukuu wangu, nikitia kidole hapa sijauza shamba?" Nikamcheka. "Bibi, ni kuonyesha ulikuja tu." Sasa mkubwa wangu, Bwana Fondo, anataka karatasi hiyohiyo niibandike nyuma ya hati ya kukubali kuhama, ionekane wanakijiji wote wameitia sahihi. Amenipa hadi Ijumaa.

Kila asubuhi nasoma Zaburi ya pili. Zamani nilidhani mataifa yanayomwasi Mungu ni watu wengine, wasioingia kanisani kwetu. Sasa naiona fimbo ile ya chuma, na chungu kinachovunjwa ni mimi. Nifanyeje?

Mwanao,
Muange

Shimba Hills, 5 Machi 2025

Mwanangu Muange,

Marahaba. Kifua kimetulia. Wayua anasema ukija ulete samaki, usilete machozi.

Umeisoma Zaburi ukaishia kwenye fimbo. Endelea. Baada ya fimbo, Mungu anawaambia wafalme wa dunia wapate akili. Anayetaka kuvunja tu hapotezi muda kuonya. Na Mfalme aliyemweka Sayuni tunamjua: naye alisimama mbele ya wakubwa, akashuhudiwa uongo. Shauri la Bi Twaiba analielewa kuliko wewe.

Mungu anacheka kule juu kwa sababu hati ya Fondo haimwondoi kwenye kiti chake. Wewe unatetemeka kana kwamba kiti ni cha Fondo! Ukifukuzwa, rudi nyumbani, mihogo ipo. Usibandike.

Mama yako

Msambweni, 8 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Afya ni njema, na jana nilikula nikamaliza sahani.

Jana hiyo asubuhi niliandika kwa wino juu ya kila ukurasa: "Mahudhurio tu, si ridhaa." Nikampelekea Bwana Fondo. Akauliza, "Nani amekutuma?" Nilikusudia kumtaja Mungu. Nikasema, "Mama."

Nilingoja anifukuze. Akafunga mlango, akaketi, akayapitia majina kwa kidole, moja moja. "Muange," akasema, "mimi nami wakubwa wamenipa hadi Jumatatu. Unadhani ninalala?" Hakunifukuza, wala hakuniambia nirudi kazini. Karatasi zimebaki mezani kwake. Sijui ataamua nini.

Kesho kanisani, mtakapowaombea wenye hofu, nitajeni. Kisha mtajeni na Fondo.

Mwanao,
Muange