Vioo Alivyosugua Mama

Jumatano, Songo

Na siwezi hata kumkasirikia.

Vile vioo vinne ndivyo memwari yangu yote, ile kazi ya kumalizia chuo. Juu yake kulikuwa na utando mwembamba wa silikoni, atomi zake zimekaa ovyo, kisha utando wa aluminiamu. Kwenye joto la wastani, aluminiamu huzisaidia atomi kujipanga na kuwa fuwele. Bila hiyo ungehitajika moto wa kulegeza kioo chenyewe.

Jana umeme haukukatika. Hapa Uvira! Tanuru la labo ya chuo lilifanya kazi yake hadi mwisho, vioo vikatoka na utando wa rangi ya kijivu, vimefifia, vizuri mno. Mlango wa labo haufungiki, basi nikavileta nyumbani.

Asubuhi nilimwambia mama kwamba kesho ninampelekea profesa vile vioo. Alipoenda ziwani kuosha sufuria akavibeba. Akavisugua kwa majivu na mchanga, kama anavyosugua kila kitu kinachokwenda mbele ya mkubwa.

"Minye sikutaka mukubwa aone uchafu wako," aliniambia. "Angalia vile biko safi."

Nilikiinua kimoja dirishani. Niliona ziwa lote, hadi milima ya Burundi.

Nikasema aksanti, mama. Profesa alivipata kwa rafiki yake wa Ulaya, na alishanionya kwamba vingine havipo.

Kesho sijui nitafungua mdomo vipi. Shati la kwenda nalo, mama amekwisha kulipiga pasi.