Maji ya Kuoga Nyumbani kwa Mama

Kitongoji cha Mlimani,
Chitete, Momba.
14 Julai 2025

Mpendwa dada Erica,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitwe, pamoja na shemeji Osea na watoto. Biashara ya salaula, hiyo mitumba yenu ya huko, inakwendaje? Na mguu wa shemeji umepona, au bado anausingizia ili asipande juu kuziba paa? Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Tunalala na makoti.

Najua unashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Ni amri ya Mama. Anasema ujumbe wa simu unausoma huku unamhudumia mteja, halafu unasahau. Kwa hiyo Salum, yule dereva wa lori wa Tunduma anayekuja huko mara kwa mara, atakupa bahasha hii pamoja na kimfuko cha maharage mapya. Usimwachie shemeji ayapike, tafadhali.

Dada, maji yametoka. Mama anabaki kwake.

Unakumbuka tulivyokubaliana Pasaka. Kaka Clement alishamwandalia chumba nyumbani kwake Tunduma, akapaka na rangi, kwa sababu nyonga ya Mama haiwezi tena kile kilima cha kisimani, na mimi nikiwa shuleni nafundisha hakuna wa kumchotea. Mama akaomba asubiriwe mpaka mradi wa maji ufunguliwe. Kaka alikubali, ila akaweka sharti: bomba lisipotoa maji siku ya ufunguzi, godoro linapanda gari siku hiyohiyo. Hakuwa na roho mbaya. Wote tunaukumbuka ule mradi wa zamani uliokatiwa utepe na kupigiwa makofi, halafu mabomba yake yakawa ya kuku kulalia.

Huu wa sasa mitaro tumeichimba wenyewe, kila kaya kipande chake. Mama jembe lilimshinda, akawa anawapikia wachimbaji uji na kuwasimanga wanaochimba juujuu. Kisima ni kirefu kweli, pampu inaendeshwa na sola, na tenki limesimama juu ya mnara nyuma ya kanisa. Ijumaa fundi Yonasi alilijaza, akafungua bomba kulijaribu, akatuambia tuchote kiasi, maana kesho yake mgeni rasmi kutoka wilayani angefika mapema.

Sasa sikia kazi ya mama yako. Alisema mgeni hawezi kutukuta na vumbi. Akawaita wanawake wote wa kitongoji, mimi nikiwemo. Tukafua sare za kwaya. Tukafua mapazia ya kanisa, vitambaa vya meza na mablanketi ambayo hayajaona maji tangu yanunuliwe. Wanaume wakaona mambo ni mazuri, wakaleta makoti yao. Tukasugua mabenchi, masufuria ya sherehe, hadi mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa raha, dada. Sijawahi kumwona Mama akimwaga maji bila kuyaonea uchungu. Jua lilipozama kila kitu kilikuwa kimetakata, na hakuna aliyelifikiria tenki.

Jumamosi mgeni akafika asubuhi, mawingu yametanda. Kwaya ikaimba ndani ya sare zenye unyevunyevu, waimbaji wanatetemeka. Utepe ukakatwa. Mgeni akafungua koki. Bomba likakohoa, likatema hewa, likadondosha matone machache, likanyamaza. Kwaya nayo ikafifia, wakaanza wa sauti ya kwanza, besi wakamalizia.

Yonasi akapanda mnara, akachungulia, akasema kwa sauti iliyotufikia wote, "Tenki kavu."

Niliogopa. Nilimtazama Kaka, naye alikuwa anatazama gari lake, ambako kamba za kufungia godoro zilikuwa tayari. Mama alikaa kwenye kiti, amekumbatia ndoo yake mpya. Alionekana mdogo mno.

Mwenyekiti wa kamati ya maji akaanza kuuliza kwa ukali nani kaiba maji ya mradi. Hapo Mama akainuka, polepole kama anavyoinuka siku hizi.

"Hakuna mwizi hapa, mwenyekiti. Tumefua. Hata hilo koti ulilovaa nimelifua mimi."

Watu wakatazamana, kila mtu safi kuliko mwenzake. Mgeni ndiye aliyeanza kucheka. Akasema amefungua miradi mingi, lakini huu ni wa kwanza kuukuta umekaushwa kwa kupendwa. Akavuta kiti, akaomba chai, akasema atalisubiri jua pamoja nasi. Chai haikuwa shida, kwani birika zote tulikuwa tumezijaza.

Jua lilijitokeza tukiwa tunakula wali. Kidogo tu tukasikia maji yanapiga sakafu ya tenki, na watu wakaacha kutafuna. Safari hii hakukuwa na utepe. Yonasi alifungua koki, maji yakaja kwa nguvu, yakamlowesha mgeni viatu. Wapiga picha wakataka Mama atwishwe ndoo ya kwanza, akakataa.

"Kichwa changu kimestaafu," akasema. "Nibebeeni mnifikishie nyumbani."

Aliyeibeba ni Kaka. Mama akayachemsha yale maji, akayapooza kwenye beseni, akampa Kaka sabuni na taulo. "Umetoka safari. Kaoge." Kaka na suti yake, mchana wa baridi, hakubisha. Alipotoka bafuni macho yalikuwa mekundu, akasingizia sabuni. Kisha akazitoa zile kamba garini, akamfungia Mama sehemu ya kuanikia nguo.

Dada, kuna jambo ambalo Mama hajawahi kukuambia. Krismasi ile uliyokuja ukalala gesti, tulijua sote kwamba unamhurumia asihangaike na maji yako ya kuoga. Alikushukuru mbele yako. Ulipoondoka alilia, akasema mwanawe amekuja nyumbani akaoga kwa watu. Hilo lilimuuma kuliko nyonga.

Msalimie sana shemeji. Mercy na Joshua waambie mama mdogo wao amewakumbuka. Kaka anakusalimu, na katika kile chumba chenye rangi mpya amekwisha kuweka vifaranga. Mungu awafunike nyote, awape afya na wateja wasiokopa.

Mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua,
Ketrina

Tena: Mama amesimama hapa begani, amekataa nifunge bahasha kabla sijaandika haya kama anavyoyasema. "Erica, Krismasi njoo. Gesti usiende. Ndoo ya bluu nimekutengea, haiguswi na mtu. Utaoga asubuhi, utaoga jioni, na maji yatabaki."