Maji Yaliyopita Chini Yetu

12 Februari

Mama, shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia ukalala. Mimi mzima, ila mikono imebabuka. Kazi yenyewe ni hivi: tunapasha moto ncha mbili za bomba la plastiki mpaka zilainike, tunazigandamiza, zinakuwa kitu kimoja. Fundi mkuu anasema viungo vyangu havivuji. Karibuni mtaro utafika hapo kijijini, nyuma ya shule, nami nitalala nyumbani.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu, marahaba. Kifua ndicho kile kile, leo nafuu, kesho taabu. Ulipokuja na wenzako watu waliwapigia makofi. Sasa mmefukia mtaro mkaenda zenu, na koki hatuioni. Mhandisi amewaambia wazee kuwa bomba hili ni la vijiji vya ng'ambo ya kilima, eti sisi tuna kisima. Kisima gani, kile cha matope? Watoto hulaza masikio chini, wanasema wanayasikia maji yakipita. Jirani yangu Mama Pacha, ambaye pacha wake niliwalea mgongoni, haitikii salamu yangu. Anasema mwanangu ndiye aliyewapitishia maji chini ya miguu. Sema na wakubwa wako.

Mama yako

19 Aprili

Mama, shikamoo, na pole kwa yote. Nimesema nao. Mhandisi si mtu mbaya. Alinikalisha akanieleza kwamba maji yana nguvu kidogo, tukiyatoa hapo kwetu hayapandi kilima. Nimefika huko ng'ambo, mama. Wanazika watoto kwa kuhara. Nakuomba uwatulize watu. Wakilikata bomba, nitatumwa mimi kuliunga.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu, marahaba. Naitikia leo kwa sababu juzi sikuitikia. Nilikusikia. Ulisimama mtaroni na askari wawili, ukasema, "Shikamoo, mama," mbele ya kijiji kizima, nami nikatazama pembeni.

Waliolikata ni vijana wetu. Sikuwazuia. Maji yaliporuka nilibeba ndoo kama wengine. Nikaoga, nikafua, nikanywa mpaka tumbo likauma. Ulikuwa umeniandikia habari za watoto wa ng'ambo, na siku ile sikuwakumbuka hata mmoja.

Ulipoanza kupasha bomba, wanawake hawakuwa wakikutazama wewe. Walikuwa wakinitazama mimi, waone nitasimama wapi. Wewe ulikuwa na gari la kukuondoa hapa. Mimi nikiugua usiku, wa kunigongea mlango ni hao hao. Ndiyo maana. Lakini nilirudi ndani nikajifunika khanga usoni.

Kazi yako nzuri, hapavuji hata tone. Vijana wanasema watalikata tena. Wakubwa wakikutuma, kataa, mwanangu, sema unaumwa, sema lolote. Mara ya pili shingo yangu haitageuka pembeni, nitakuitikia mbele yao, na mimi bado ninaishi hapa.

Mama yako