Kabla Mbalamwezi Haijarudi

Katonga,
Kigoma.
2 Oktoba 2025

Mpendwa Kaka Onesmo,

Shikamoo kaka. Habari za Nairobi, baridi imepungua? Wifi Leonia na Bariki wazima? Huku tunamshukuru Mungu. Mguu wa Mama umepoa, anakwenda kanisani mwenyewe, na anawaringia majirani kwamba nyumba yake imetoa watu wawili wa kompyuta.

Huyo wa pili, kaka, ana hali mbaya.

Aliyekuwa anifundishe kutengeneza programu aliacha kazi wiki niliyoingia. Nikiandika kitu hakuna anayekikagua, kinakwenda moja kwa moja kwenye simu za wateja wetu, akina mama wachuuzi wanaoagiza dagaa kupitia programu yetu hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Mwezi uliopita bosi, ambaye yuko Dodoma, alitaka mfumo umwondoe mteja asiyenunua dagaa wiki nzima. Nikaandika. Ikaingia mbalamwezi, mitumbwi ikalala, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Wateja wote wakaondolewa kwa mpigo! Yaani mimi, mtoto wa Katonga, nilisahau mbalamwezi!

Shangazi Regina alipata meseji ya kumshukuru kwa kuacha biashara. Akaja ofisini na ungo wake kichwani, anauliza ni nani aliyemzika angali hai. Nilicheka, halafu nikaenda chooni kulia.

Bosi alinitaja jina kwenye grupu la kazini. Nilipoomba mtu wa kunikagua, akasema wote huanza hivyo, asiyeweza aseme. Tangu hapo simu ikilia naifunika kwa kanga. Hata ugali haupiti.

Wewe ulipoanza ilikuwa hivi? Ndivyo kazi ilivyo, nivumilie? Au ni ofisi hii tu? Au ni mimi nisiyefaa? Usinionee huruma kaka, niambie. Jumatatu natakiwa kusaini mkataba wa miaka miwili au niondoke, na Mama keshawatangazia wanakwaya wote.

Msalimie sana wifi, na Bariki umbusu. Shangazi Regina anakusalimu, ingawa mimi bado ananinunia. Mungu awafunike huko mliko.

Ile programu nimeirekebisha. Nadhani. Naituma pamoja na barua hii kwa barua pepe, nakuomba uisome kabla ya Jumatatu. Mwezi umeshaanza kunenepa, na hadi sasa hakuna aliyeitazama ila mimi, yule yule aliyekosea.

Mdogo wako, akupendaye na kukutegemea,
Happiness