Funguo za Bosi Tuma

Jumapili, 6 Aprili 2025 — Kilosa

Leo baada ya misa sikuitwa Gaudiosa hata mara moja. Ni Bosi, Bosi, mpaka katekista. Nilipokuwa nazunguka na gari la matangazo, natangaza misiba na mikutano kwa spika, hakuna aliyegeuka kunitazama. Sasa naigiza Bosi Tuma, mwanamke mwenye kituo cha televisheni, na watu wananiletea habari zao nikazirushe. Mama mmoja kaniambia mbuzi wake kapotea. Nimemwambia nitaangalia. Sijui nitaangalia wapi.

Jana tulitazama kipindi kwa rafiki yangu Costancia, pale studio kwake karibu na stesheni. Studio ya picha aliyoachiwa na marehemu mumewe — paspoti, harusi, video, vyote sasa anapiga yeye. Ilikuwa ile sehemu ambayo msomaji habari wa Bosi Tuma kajifungia chooni kwa kuogopa tembo, basi Bosi anasoma habari mwenyewe, juu koti la ofisini, chini kanga. Costancia kacheka mpaka kafuta machozi. Petro wangu kasema nyumbani huwa nasoma habari hata bila kamera.

Nimelala vizuri.

Jumanne, 8 Aprili — Mikumi

Nimekuja na basi la asubuhi. Nyumba tunayorekodia iko karibu mno na barabara kuu, na malori ya Zambia hayajui kwamba watu wanaigiza. Nikifungua mdomo, lori. Tumerudia sini moja mpaka mzee Bonifas kasinzia kwenye kochi. Huyu ndiye anayeigiza mchumba wa Bosi Tuma. Ni mtu mzima, fundi seremala hapa hapa Mikumi, mimi ndiye humwamkia kila asubuhi — halafu kwenye kamera namfokea.

Mchana Imani katugawia sehemu ya mwisho. Imani ndiye dairekta, kijana wa Morogoro, mpole, kofia haivui hata ndani. Basi ni hivi: Bosi anaolewa. Siku ya harusi, mbele ya wageni, anamkabidhi mumewe funguo za kituo, anavua koti, anaingia jikoni kwenye pilau. Vigelegele. Mwisho.

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikauliza kama pilau litakuwa la kweli. Ndicho nilichoweza kusema.

Jumatano, 9 Aprili

Sikuweza kukaa nalo. Nimempigia Costancia, nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Nikadhani mtandao.

Kumbe ana lake. Nikolaus, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja kutoka Malolo na wazee wa ukoo. Wanataka funguo za studio. Eti kazi ya picha si ya mwanamke peke yake, lazima pawe na mtu wa kusimamia. Costancia akawauliza, mbona Bosi Tuma anasimamia televisheni nzima? Wazee wakacheka. Wanatazama nao! Wakaahirisha kikao mpaka watu wamalize kuvuna.

"Sasa Gau," kaniambia, "ukimpa yule mzee funguo, mimi kwenye kikao nitasema nini?"

Nikasema ni maigizo tu, dada. Kasema anajua. Tukaagana kama watu wasiojuana.

Alhamisi, 10 Aprili

Sini ya keki. Ngedere kaingia dirishani, kachukua kipande, katoka. Imani kasema hiyo inabaki. Nimecheka siku nzima, mbavu zinauma. Sijamwambia kitu kuhusu funguo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia.

Nilimkuta Imani nje anakunywa chai. "Shikamoo mama," kasema. "Marahaba," nikajibu, nikakaa. Nikamwambia ile ya funguo sioni kama ni ya Bosi Tuma.

"Mama, mimi nimeletewa hivyo. Wenye televisheni kule Dar wanataka harusi. Watu wanapenda harusi."

"Aolewe. Hata mimi nimeolewa. Lakini funguo za nini?"

Kacheka. Halafu kaacha kucheka. Kasema kwa upole kabisa kwamba kama sini inanishinda, inaweza kuandikwa kwamba Bosi kasafiri, mdogo wake ndiye anakabidhi. Na msimu ujao anaweza kuendelea mdogo wake.

Nimeelewa. Alikuwa hanitishi, nafikiri. Alikuwa ananionyesha mlango ulipo tu.

Kisha kaniuliza, "Sasa wewe ungetaka iishe vipi?" Siku tatu nanung'unika, na jibu sina. Nimeona aibu.

Jumapili, 13 Aprili — Kilosa

Jumapili ya Matawi. Maandamano yamefika kanisani tumelowa, mvua imetukuta njiani, lakini tumeimba vizuri.

Petro kaja kutoka Kilangali, kule shamba la mbegu anakofanya kazi. Nimemweleza yote wakati namenya ndizi. Kasikiliza mpaka mwisho — ndivyo alivyo, husikiliza kama anasubiri basi. Halafu kasema, "Kazi ya gari la matangazo ipo. Usiogope hilo."

Nikasema siogopi. Naogopa kidogo. Naipenda kazi hii. Nalipenda hata lile koti.

Nikabandika ndizi. Kisha akasema: "Mimi nilipokuoa hukunipa funguo za kitu chochote."

"Ulitaka?"

"Nilitaka unipe kazi ya kushika ile spika. Ukakataa. Ukasema sauti yangu hainyooki."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa. Aliomba kazi, tena kwa adabu, kasimama pale pembeni ya gari. Tumecheka mpaka ndizi zimeungua chini. Tumekula hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili — Mikumi

Jibu ninalo. Nimempa Imani kabla hajamaliza salamu. Harusi iwepo, pilau liwepo, vigelegele viwepo. Mume anyooshe mkono kuomba funguo — Bosi amwambie aombe kazi kama wengine. Na yeye aombe. Kwa kuwa anampenda, aombe.

Imani kacheka peke yake kwa muda. Kaenda kupiga simu Dar. Karudi hana cheko. Wamesema irekodiwe kama ilivyoandikwa.

"Na mimi nina bosi, mama," kasema. Nikamwonea huruma. Ana umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho.

Kesho basi. Nimempigia Costancia aje apige picha za harusi, Imani anahitaji mpiga picha wa kuonekana nyuma. Kakubali. Hakuniuliza inaishaje.

Jumanne, 15 Aprili

Juma Kuu, na mimi nimevaa shela. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kreti ya soda, gauni nimelikunja magotini. Mvua imeanza juu ya bati, hakuna anayesikia mwenzake, kwa hiyo hakuna kurekodi. Mambo yaliyotokea:

Asubuhi nimecheza kama ilivyoandikwa. Nilitoa funguo. Nimecheza vizuri, najijua — tabasamu, mkono, yote. Mzee Bonifas akazipokea, akakaa kwenye kiti changu nyuma ya meza. Vigelegele vikatakiwa. Akina mama wa Mikumi walioalikwa kuwa wageni wakatazamana. Mmoja, aliyekuwa anapakua pilau, kasema kwa sauti, "Sasa mbona anampa?" Wengine wakaitikia, eeh, mbona anampa? Costancia alikuwa na kamera yake usoni. Hakupiga hiyo.

Imani kasema kata. Kavua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake. Ndipo mvua ikamwagika.

Kakaa barazani na simu muda mrefu. Karudi kaniinamia sikioni kwa sababu ya bati: tutarekodi na yangu. Atatuma zote mbili, wachague wao. Nikamuuliza, wakichagua ile ya asubuhi? Kasema hajui. Nikamuuliza, wakikukasirikia? Kasema hilo analijua.

Nimemwambia Costancia. Kafuta lenzi kwa pindo la kanga, taratibu. Kasema, "Hata wakionyesha ile nyingine, Gau, hii mimi nitakuwa nimeiona. Na picha nitakuwa nayo." Halafu kanirekebisha shela kama kweli naolewa.

Mzee Bonifas yuko mlangoni, anafanya mazoezi na ukuta. Kofia mikononi. "Shikamoo, Bosi. Nimesikia kuna nafasi." Anarudia. Mara anaipandisha sauti, mara anaishusha. Mzee wa watu. Imani kamwonyesha pa kukaa, naye kasema hakai, anayeomba kazi anasimama.

Bati limetulia upande mmoja. Wanafuta maji kwenye waya. Funguo ninazo, zimepata joto la mkono. Imani ananiita — Bosi, tupo tayari? — na wale akina mama wameshageuza viti vyote kunitazama mimi, ngoja nishushe gauni