Pandisha Sailensa, Punguza Maneno

Mjomba,

Ninakuandikia kwa sababu Alhamisi nitasimama mbele ya kamati ya shamba kueleza kwa nini gari ulilokuwa ukiliendesha lilizimika, na jibu ninalolijua nimekatazwa kulitamka. Shikamoo. Naiandika nikijua marahaba haitakuja.

Tangu tukuzike, watu wa Sindeni wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Mkeo, Mama Zubeda, amepata kiwanja karibu na bomba la maji. Wewe umebaki mahameni peke yako. Mimi nimehitimu chuo cha ufundi, na leo ndimi msimamizi wa karakana ya shamba la mkonge hapa Korogwe. Najua ungenitania: "Injinia wa makaratasi, hata spana unaishika kama kalamu!"

Usukani wa gari la Meneja ameurithi Athumani, yule uliyemfundisha udereva. Mwezi uliopita gari lilimzimikia huko Mkumbara mbele ya wageni, Meneja akiwa ndani, vioo vimefungwa. Kwa kuona haya, Meneja akasema Athumani amelihujumu. Siku hizi neno hujuma likishatoka mdomoni, halirudi bila mtu.

Nililichunguza gari kwa utaratibu unaostahili. Plagi zilikuwa safi, platini sawa, kabureta haina taka. Nikaweka kikombe cha chai juu ya boneti, kama ulivyozoea kufanya pale Kilole, nikawasha injini. Chai ikatulia. Ndipo nikafungua kiyoyozi. Sailensa, kama mafundi wetu waitavyo mwendo wa injini isiyokanyagwa mafuta, ikashuka ghafla. Gari likatetemeka kama mgonjwa wa homa, na chai ikamwagika. Nikachomoa waya wa kompresa, ile pampu izalishayo baridi: utulivu ukarejea. Nikaondoa mkanda, nikaizungusha kompresa kwa mkono. Ilikwaruza, ikagoma. Imekufa huku inazunguka, Mjomba, na injini ndiyo inayoikokota.

Meneja hakuniacha nimalize taarifa yangu. "Kiyoyozi kipi, Ndugu Mhandisi? Si tuliwatangazia wananchi kwamba vyote vimefungwa, tubane petroli? Gari langu halina kiyoyozi. Wewe pandisha sailensa, punguza maneno." Kisha akatabasamu, akanikumbusha kwamba ndiye atakayependekeza jina langu kwa masomo ya ng'ambo.

Nikatii. Nikakaza skrubu ya kabureta, sailensa ikapanda, na gari halizimiki tena hata kiyoyozi kikiwa wazi. Nilidhani nimemwokoa kila mtu. Kumbe nimefunga mlango nikiwa ndani. Meneja sasa anawaambia wajumbe: "Mnaona? Skrubu imekazwa, gari limepona. Nani aliyeilegeza?" Tiba yangu ndiyo imekuwa ushahidi juu ya Athumani.

Jana Athumani alinijia karakanani, akasimama mlangoni, hakuingia. "Kaka Injinia, skrubu hiyo mimi hata siijui iko wapi. Wewe unaijua." Ana watoto watatu, Mjomba, nawe ndiwe uliyewapa majina.

Nikinyamaza, dereva wako atafungwa. Nikisema, ng'ambo ataenda mwingine, nami huenda nikaitwa mhujumu wa pili. Nimelitafuta neno la tatu lililo katikati, sikulipata. Laiti ungekuwapo, hata unicheke tu.

Nimeamua hivi, na ninakuahidi kabla woga haujanirudia. Alhamisi nitaiomba kamati itoke nje hadi lilipo gari. Nitairudisha skrubu ilipokuwa, mbele ya macho yao, kisha nitakifungua kiyoyozi ambacho hakipo. Wakisikie wenyewe.

Pumzika, Mjomba wangu. Mola akunawirishie kaburi. Salamu zilizobaki nitazileta kwa mdomo hapo kaburini, niwe bado nina kazi au sina: Ijumaa, tukishaswali, saa nane mchana.

Mpwa wako,
Idi